Mwano, Simu na Anwani: Mhadhara Juu ya Kumjua Anayesema

  

Nimealikwa kuzungumza hapa Kambarage, Shinyanga, kata inayobeba jina la mtu aliyependa kuitwa Mwalimu kuliko kuitwa Rais. Nimeombwa nizungumzie mawasiliano, vyombo vya habari na anwani za intaneti. Ni mambo matatu, na mwenyekiti amenipa saa moja. Nitayafunga katika swali moja. Ujumbe unapotufikia, wengi wetu tukiwa na busara kidogo tunajiuliza kama ni wa kweli. Kusudi langu leo ni kuwashawishi kwamba liko swali linalotangulia hilo, tena jepesi kujibu: nani amesema, na nikimhitaji kesho nitampata wapi?

Hoja ya kwanza: anayepokea ndiye anayefanya kazi kubwa

Mwaka 1948 Mmarekani mmoja, Harold Lasswell, aliyagawa mawasiliano katika maswali matano: nani anasema, anasema nini, kwa njia gani, kwa nani, na matokeo yake ni nini. Mwaka huohuo mhandisi Claude Shannon wa maabara za kampuni ya simu ya Bell alichapisha hesabu zake kuhusu chanzo, njia, kelele na mpokeaji. Wanafunzi wa mawasiliano hufundishwa majina hayo mawili mapema kabisa. Ila ndugu zangu wachimbaji wa maduarani, yaani mashimo ya dhahabu, wanalijua somo lenyewe bila vitabu.

Tarehe 5 Oktoba 2015, katika machimbo ya Nyangalata wilayani Kahama, duara lilititia na wachimbaji wakafukiwa chini. Walikaa huko siku 41. Juu, watu walishawalia kama marehemu. Watano walipotolewa hai katikati ya Novemba, dunia nzima ilishangaa. Januari 2017, Nyarugusu mkoani Geita, wachimbaji 15 walinaswa chini vivyo hivyo, mmoja wao raia wa China. Hawa waliokolewa wote ndani ya siku chache. Waokoaji waliwafikia kwa bomba, mawasiliano yakapita humo, na chakula pia. Sisemi kwamba tofauti yote ilikuwa bomba. Miamba haifanani na vifaa havikufanana. Lakini Nyangalata kulikuwa na watu wanaosema bila njia ya kusikika, na juu kukawa na watu waliojaza ukimya ule kwa jibu walilolitegemea. Walisikia ukimya, wakausoma kuwa kifo.

Hapo ndipo penye jambo langu. Mpokeaji si ndoo inayosubiri kujazwa. Akipewa kipande, anakikamilisha mwenyewe kwa yale anayoyajua, anayoyaogopa na anayoyatamani.

Sasa toeni simu zenu. Naona mzee mmoja anaishika yake kwa nguvu, kama vile nimeiomba. Nani hapa hajawahi kupata ujumbe unaosema ile hela itume kwenye namba hii? Mikono haijainuka. Tazameni ufundi wa ujumbe ule. Hauna jina. Hautaji kiasi. Hautaji sababu. Aliyeutuma hakujui na wala hajui kama una deni. Ameutuma kwa mamia ya watu, akijua kwamba katika mamia hao yupo mama anayesubiri kumlipia mtoto ada, yupo mwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, anayedaiwa mafuta, yupo kijana aliyeahidi kumtumia baba nauli. Jina la mtumaji analitia mpokeaji. Kiasi anakitia mpokeaji. Tapeli anaandika mstari mmoja tu, hadithi iliyobaki tunamwandikia sisi.

Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008 na mitandao mingine kuifuata, fedha zetu zinasafiri kwa njia ileile ya salamu. Ndiyo maana ujumbe wa namna hiyo unauma. Dawa yake ya kwanza haihitaji elimu kubwa: mpigie yule unayedhani ndiye aliyekuandikia, kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyokuja na ujumbe. Ya pili, upeleke ujumbe huo kwenye namba 15040, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imeitenga kwa kazi hiyo. Ya tatu, bonyeza *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Tangu usajili wa alama za vidole uanze Mei 2019, kila laini inapaswa kuwa na mwenyewe. Ukikuta laini usiyoijua imesajiliwa kwa jina lako, basi huenda mtu anatapeli watu huko akiwa amevaa jina lako.

Hoja ya pili: mwano ulikuwa na mwenyewe

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Uganda, bunduki zilizagaa na wizi wa ng'ombe ukawa wa kutumia silaha. Wananchi wa pande za Kahama na Nzega wakajipanga. Ndio mwanzo wa sungusungu tunaowafahamu, na sheria ikaja kuwatambua mwaka 1989. Wazee mlioko hapa mnaufahamu mtandao wao kuliko mimi. Yowe, yaani mwano, linapigwa kaya moja. Jirani anaitikia na kuupokeza kwa jirani yake, naye kwa mwingine, hadi vijiji vizima vimetoka na pinde na mishale. Aliyesikia akabaki kitandani alitozwa faini.

Ninautaja mwano kwa sababu tumezoea kuambiwa kwamba mtandao ni jambo la kigeni lililofika kwa nyaya. Mwano ulikuwa mtandao kamili, wenye kasi na wenye kanuni. Na ulikuwa na kitu ambacho makundi yetu ya WhatsApp hayana: sauti ilikuwa na mwenyewe. Anayeupokeza alijua ameupokea upande gani, na yule wa upande huo alijua umetoka kwa nani. Asubuhi, mkutano ukikaa, mlolongo wote ungeweza kufuatwa nyuma hadi kaya ya kwanza. Mtu aliyepiga yowe alijua kwamba kesho atasimama mbele ya wenzake aeleze alichokiona.

Ujumbe unaoandikwa juu yake kwamba umesambazwa mara nyingi hauna asubuhi ya namna hiyo. Umepita mikononi mwa watu elfu, na hata mmoja hawezi kukwambia kaya ya kwanza ni ipi.

Hoja ya tatu: kuisoma anwani

Hapa nitakaa kidogo, maana ni jambo linalofundishika na bado hatujalifundisha.

Kila kifaa kilicho katika intaneti hutambuliwa kwa namba. Mfumo wa zamani wa namba hizo una nafasi takriban bilioni 4.3, na akiba kuu ya dunia ilimalizika Februari 2011. Kwa hiyo simu nyingi za Shinyanga usiku huu zinatumia namba moja kwa kushirikiana, kila mtandao na wateja wake, na kampuni ndiyo yenye kumbukumbu ya nani alikuwa wapi saa ngapi. Kijana anayejigamba kwamba amekupata kwa namba yako ya intaneti, mwambie akanywe chai.

Namba hazikaririki, ndiyo maana yakaja majina. Mwanzoni majina yote ya dunia yalikuwa katika faili moja, likitunzwa na timu ya Elizabeth Feinler huko California. Mtu akitaka jina, anapiga simu wakati wa saa za kazi. Majina yalipozidi, mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni mfumo wa kugawana: kila tawi lina msimamizi wake, na msimamizi anaweza kugawa matawi madogo chini yake. Tawi letu, .tz, liliandikishwa mwaka 1995. Mwaka 2006 ikaundwa tzNIC kulisimamia, chini ya TCRA na watoa huduma za intaneti. Ndani yake yamo matawi madogo: co.tz ya biashara, or.tz ya asasi, ac.tz ya vyuo, sc.tz ya shule, na go.tz ya serikali. Kampuni yoyote inaweza kujipatia jina la .com kwa kadi ya benki bila kuulizwa kitu. Jina la go.tz halipatikani hivyo.

Sasa namna ya kusoma. Mnaikumbuka Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, vibao vya mitaa na namba kwenye milango? Postikodi yetu ina tarakimu tano na inasomwa kutoka kushoto, kikubwa kwanza: 3 ni Kanda ya Ziwa, 37 ni Mkoa wa Shinyanga, 30 ni Geita, halafu wilaya, halafu kata. Anwani ya intaneti imegeuzwa. Kikubwa kiko kulia. Tafuta mkwaju wa kwanza ulioinama (/) baada ya jina, funika kila kilicho baada yake, kisha soma kurudi nyuma, nukta hadi nukta.

Chukueni necta.go.tz. Kutoka kulia: Tanzania, serikali, Baraza la Mitihani. Safi. Sasa nimetunga nyingine: necta.go.tz.matokeo-haraka.com. Jicho linaloanza kushoto, kama tulivyofundishwa darasa la kwanza, linaona NECTA, linaona go.tz, linatulia. Ukianza kulia unakutana na .com, halafu matokeo-haraka. Huyo ndiye mwenye nyumba. Maneno yote yaliyo kushoto kwake ameyaandika mwenyewe ukutani, na angeweza kuandika Ikulu akipenda. Vilevile necta-go-tz.com: vistari si nukta, na mwenye jina ni mtu yeyote aliyelipia. Wengine hubadili herufi, wakaweka sifuri mahali pa o, au r na n zilizobanana zionekane m. Kwenye kioo kidogo cha simu, chini ya jua la saa saba, ni nani atakayeona?

Na kile kikufuli kinachotokea juu karibu na anwani? Vijana wengi wamefundishwa kwamba kikufuli maana yake ni salama. Maana yake ni kwamba mazungumzo kati yako na mwenye tovuti hayasomwi njiani. Kama mwenye tovuti ni mwizi, basi unazungumza na mwizi kwa faragha kamili. Vyeti vya kufuli vinatolewa hata bure siku hizi.

(Mwalimu mmoja hapa mbele ameuliza kama hili si zito kwa mtoto wa darasa la tano. Mtoto wa darasa la tano anajua kugawanya kwa njia ndefu. Hili linamalizika kwa kipindi kimoja.)

Wala anwani si ngao tu. Soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, na mengine yakafuata mikoani, mchimbaji mdogo alipata mahali pa kuuzia palipo wazi. Lakini anayekwenda sokoni bila kujua bei anakwenda kuambiwa bei. Tume ya Madini ina anwani yake, tumemadini.go.tz. Bei ya dunia nayo inatangazwa hadharani kila siku ya kazi, kwa wakia. Na hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa: wakia ya dhahabu ni gramu 31.1, si zile gramu 28 na kitu za wakia ya kawaida iliyo katika vitabu vya hesabu. Ukigawanya kwa 28 utapata bei ya gramu iliyo juu kuliko ilivyo, utagombana na mnunuzi, na safari hiyo mnunuzi atakuwa na haki. Vyanzo vizuri vinatufaa hata pale vinapotuonesha kwamba hesabu zetu hazikuwa sawa.

Hoja ya nne: aliyekuletea si aliyesema

Hii ni fupi. Mwaka 2007 ilianza DECI, mpango wa upatu wa fedha, ikiongozwa na watu wa makanisa, na lugha yake ilikuwa ya shambani: unapanda mbegu, unavuna. Hadi serikali inaizuia mwaka 2009, maelfu ya Watanzania walikuwa wamepanda. Viongozi wake walitiwa hatiani katika mahakama ya Kisutu mwaka 2013. Waliopoteza fedha hawakudanganywa na mgeni. Waliletewa habari na dada, na mwanakwaya mwenzao, na jirani aliyekwisha kuvuna mara moja na kuonesha fedha mkononi. Wote walikuwa waaminifu. Walikuwa wapokezi tu, kila mmoja akimwamini aliyemtangulia. Dada yako akikuletea kiungo, mpende dada yako, kisha usome anwani.

Hoja ya tano: mwenye anwani naye anaweza kukosea

Nimeusifu mwano, na sasa inanipasa niseme upande wa pili, maana katika ukumbi huu wamo watu wanaoujua. Baadhi ya mabaraza ya sungusungu wa mwanzo yaliwashughulikia pia waliotuhumiwa uchawi. Sauti zilikuwa na wenyewe, mlolongo ulifuatika, mkutano ulikaa, na bado mwanamke mzee alifukuzwa kijijini au yakampata mabaya zaidi kwa sababu ya macho mekundu. Macho yale yalitiwa wekundu na moshi. Bibi aliyepika miaka hamsini kwa mabua na kinyesi cha ng'ombe, katika nyumba isiyo na dirisha, atakuwa na macho ya rangi gani? Kila aliyeshiriki aliijua harufu ya moshi ule kwa sababu ulikuwa jikoni kwa mama yake.

Kisha ukaja uvumi mwingine, kwamba viungo vya mtu mwenye ualbino vinaleta bahati katika duara na katika nyavu. Kuanzia mwaka 2006 na 2007 makumi ya ndugu zetu waliuawa, wengi wao katika mikoa yetu hii ya Kanda ya Ziwa, na watoto wakahamishiwa mahali kama Buhangija, hapa mjini kwetu, wakalale palipo na ulinzi. Uvumi ule ulikuwa na soko. Kulikuwa na anayeusema, anayeuamini, na anayelipa. Mwaka 2008 mwandishi wa BBC, Vicky Ntetema, alijifanya mfanyabiashara akaenda kwa waganga wenyewe kusikia kwa masikio yake wanachokiuza. Alitishiwa maisha, akalazimika kujificha. Alichofanya ndicho hasa ninachokiita kusoma habari: aliufuata uvumi hadi mlangoni kwa anayeutengeneza, akauliza bei.

Kwa hiyo msinielewe vibaya. Anwani haikupi ukweli. Inakupa mtu wa kuulizwa. Gazeti lenye mhariri na ofisi linaweza kuandika uongo, lakini linaweza kupelekwa mbele ya vyombo vya kisheria na kukanusha ukurasa uleule. Ofisi ya go.tz inaweza kutoa takwimu zisizo sahihi, lakini mbunge anaweza kuzisimamisha bungeni. Ndiyo maana ukishajua nani amesema, kazi inaendelea: amelijuaje, anafaidika nini, na nani mwingine asiyemtegemea yeye amelisema hilohilo. Redio Faraja ikisema jambo, na gazeti likinukuu Redio Faraja, hicho bado ni chanzo kimoja. Wapo Watanzania wanaoifanya kazi hii ya kuhakiki kila siku, kwa mfano NuktaFakti, na wanaandika kwa Kiswahili.

Hoja ya sita: ukimya wa wenye taarifa

Mgeni Rasmi, hoja hii nimeiweka mwisho kwa sababu inawahusu wenye ofisi, na wenye ofisi mara nyingi huondoka mapema. Nafurahi kwamba bado mpo.

Mwaka 2020 wagonjwa wa korona waliotangazwa nchini walifika 509, kisha takwimu zikasimama kwa zaidi ya mwaka. Je, watu waliacha kuhesabu? Walihesabu mazishi mtaani, kila mtu kwa hesabu yake. Machi 2021, kabla ya msiba wa Rais John Magufuli kutangazwa usiku wa tarehe 17, uvumi ulikuwa umezunguka kwa siku nyingi na watu wakakamatwa kwa kuusambaza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inaweka faini isiyopungua shilingi milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu kwa anayechapisha habari za uongo kwa makusudi. Sheria hiyo ina kazi yake. Lakini ndani yake hakuna kifungu kinachomwadhibu afisa aliyekuwa na taarifa sahihi akakaa nayo, na kwa maoni yangu huyo naye ni mzalishaji wa uvumi. Rudini Nyangalata: penye ukimya, wa juu wanaandika jibu wenyewe.

Ndugu zangu, nimalizie kwa yanayokuja. Mwaka 1970 takriban theluthi mbili ya watu wazima wa nchi hii hawakujua kusoma. Mwaka 1986 walibaki kama mtu mmoja kati ya kumi. Kazi ile ilifanywa chini ya miembe na kwa redio. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, mmoja akiwa na redio na mwingine na kitabu. Kwa sensa ya 2022, mikoa ya Shinyanga na Geita ina watu zaidi ya milioni 5.2. Hatuhitaji mwembe kwa kila kundi, simu zipo mifukoni.

Napendekeza tuanze na tarehe tunayoijua. Baraza la Mitihani hutangaza matokeo ya kidato cha nne kila Januari, na siku chache kabla yake viungo bandia huanza kuzagaa kwenye simu za wazazi. Kila shule ya sekondari ya Manispaa itenge kipindi kimoja mwezi Novemba, kabla watoto hawajaondoka. Ubao mmoja, anwani kumi, tano za kweli na tano za kutungwa, na kila mwanafunzi aoneshe kwa kidole mwenye nyumba ni nani. Kisha apewe kazi ya nyumbani: akamfundishe mtu mzima mmoja, naye mzazi asaini daftari. Wachimbaji, nanyi nawaomba mlifanye hilohilo kwenye mikutano ya vikundi vyenu, kwa anwani za Tume ya Madini. Ofisi ya Manispaa nayo iandike kila tangazo lake kwenye shinyangamc.go.tz siku lilipotoka, ili anayekwenda kuhakiki asikute mlango umefungwa.

Mimi niko tayari kuja na chaki. Mwenyekiti, nadhani zimebaki dakika kumi za maswali, na ningependa la kwanza litoke kwa wanafunzi wa viti vya nyuma.